Sekunde Arobaini

Jumanne, 2 Desemba 2025

Sijamwambia mtu, hata mama: jicho la kushoto la mjomba Opolot limeingia ukungu. Niligundua Agosti. Alimimina chai kando ya kikombe, akakilaumu kikombe. Yeye ndiye bingwa wa pool hapa Malaba, mara tatu. Kabla ya kupiga huizunguka meza yote. Watu hudhani ni maringo. Kumbe anapima kwa jicho moja.

Nimechoka. Tangu nimalize Form Four nafagia klabu ya Mama Christabel kila asubuhi. Leo Mzee Dalmas, anayesimamia mashindano, alinikuta huko, akanipa sheria mpya nimsomee. Zamani ukifanya faulo mpinzani alipata mapigo mawili. Sasa anaushika mpira mweupe kwa mkono, anauweka popote. Na kila pigo lina sekunde arobaini! Zamani mtu aliwaza mpaka chai ikapoa.

Kisha akasema nikae kwenye saa, nihesabu sekunde hizo kwa simu. Eti huyu msichana haongei, hatabishana na mtu. Sikujua nikatae vipi.

Alhamisi, 4 Desemba 2025

Raundi ya kwanza. Hapa kwetu ukifanya faulo unagonga ukingo wa meza mara mbili, mwenyewe, hata kama hakuna aliyeona. Sasa refa ndiye atatangaza. Emuron, mchezaji kutoka Angurai, aliuliza, basi mikono yetu ifanye nini? Watu walicheka sana. Mjomba hakucheka.

Alipocheza, alikuwa bado upande wa pili wa meza simu ikalia. Niliiweka mimi ilie! Zamu ikapotea. Quinton, kijana wa Busia anayepiga haraka kama anafukuzwa, alipaza sauti: "Mzee, malori yote yamevuka, wewe bado uko kwa foleni!"

Mjomba alishinda, lakini shati lote lilikuwa limelowa.

Jumamosi, 6 Desemba 2025

Nusu fainali, mjomba na Emuron. Nafasi iliyobaki kwa timu ya kaunti ni moja. Mjomba ana miaka hamsini na moja. Wakijua habari ya jicho hawatamchukua tena.

Natakiwa kubonyeza mara tu mipira inaposimama. Kwa Emuron nilibonyeza. Kwa mjomba nilihesabu pumzi nne kwanza. Si mara moja. Kila zamu.

Mjomba akauzamisha mpira mweusi, wa mwisho. Kelele! Emuron alikuja kunipa mkono, akauliza, "Dada, hiyo saa yako iko sawa kweli?" Alikuwa anatabasamu.

Nilisema iko sawa. Sauti ilitoka bila shida yoyote. Mimi ninayeshindwa kuagiza soda!

Tumerudi nyumbani kwa miguu, mimi na mjomba. Sijafurahi hata kidogo.

Jumapili, 7 Desemba 2025

Baada ya kanisa tulikula samaki wa Osieko, kule ziwani, mama alinunua kwa sababu ya fainali. Mjomba hakugusa wake. Halafu akagonga meza. Mara mbili.

Mama akageuka kuangalia mlango. Nani huyo?

"Hakuna mgeni," mjomba alisema. "Ni faulo."

"Ya nani?"

"Ya watu wawili."

Mama alicheka, akasema mchezo umemwingia kichwani, ale samaki. Mjomba alikuwa ananiangalia mimi. Kwa hiyo anajua. Alizihesabu zile pumzi pia.

Nilitaka kumuuliza unataka nifanye nini. Badala yake nikaondoa sahani.

Sasa ni saa nane kasorobo. Niko kwenye kiti cha saa, daftari mapajani. Quinton anapaka chaki fimbo yake, anapiga miluzi. Mzee Dalmas anapanga mipira. Mjomba amesimama ukutani, mkono mmoja umefunika jicho la kushoto, kama mtu anayejikuna tu.

Mzee Dalmas ameniita. Niko tayari? Nimetikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mjomba ndiye anaanza. Tafadhali, daftari, usimwambie mtu. La jicho, na la pumzi, na hili pia: kidole kiko juu ya simu na bado sijui kama nitahesabu pumzi