Kubwa Itangulie

Mjukuu wangu Idi,

Marahaba, mume wangu. Huku Kariakoo hatujambo; shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza kwa nini namba zinazorushwa hewani na mitambo yako zinafika kinyumenyume. Enzi za Ujamaa nilikuwa nikipokea simu ya upepo, ile ya redio, zahanati. Mzee Salim, daktari wa hospitalini upande wa pili, aliyekulia katika hesabu za Kiarabu, alitaja mamoja kabla ya makumi. Siku moja akanitajia idadi ya matone ya dawa ya mtoto: “Mbili, moja.” Nikaandika ishirini na moja.

“Hebu nisomee.”

Nikamsomea.

“Ya Rabi! Kumi na mbili!”

Muuguzi alikuwa ameshadondosha kijikoni tone la kumi na tano. Nikampiga mkono, kijiko kikaruka. Hakuna aliyekosea kusema, wala kusikia!

Tangu hapo tulianza kwa kuambiana: “Kubwa itangulie.”

Wewe na wa upande wa pili, mlishaulizana ipi inatangulia?

Bibi yako