Mawe ya Tuta la Mama

Wangwe, ugali uko kwenye hotipoti, dagaa nimezifunika. Kuku usiwafungulie, watamaliza mchicha uliobaki.

Nimeenda Morotonga kwa shangazi. ~~Sirudi tena.~~ Narudi Jumapili.

Asubuhi nimetoka na simu nirekodi mchicha wa tuta la Mama, nikakuta tuta limekatika. Mawe ya pembeni hayapo, mvua imebeba udongo na samadi yote mpaka barabarani. Mama Huruma ndiye kaniambia: "Kaka yako kayapakia jana kwenye bodaboda, eti yanang'aa, yana dhahabu. Kapeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu."

Kaka, yale mawe Mama aliyang'oa mwenyewe hapo uani, moja moja, akalizungushia tuta, na kifua kinamuuma. Majirani wanamcheka, "Mama Robi, kwenye mwamba huu haioti mboga, wanaota wachimbaji tu." Tukala mboga mwezi uleule. Kaburi lake liko mbali, kule Natta. Mimi nilikuwa nakaa pale kwenye tuta naongea naye. Wewe ulidhani naongea na simu.

Dhahabu hujapata, najua. Basi huo mchanga wa mawe yake yaliyosagwa usiumwage. Nirudishie kwenye kiroba, niuweke palepale.

Chai imo kwenye chupa.

Dada yako, Robi