Ukuta Ulianguka Alhamisi

Jumatatu, 10 Februari
Nepi hazikauki. Nimezianika juu ya jiko, sasa zinanuka moshi. Imelda anakohoa. Mama mkwe amechambua maharage asubuhi nzima, miguu imemvimba tena.

Saa kumi jioni wakaja watu wa maombi wa Mama Beno, jirani yetu. Kumi na wawili hivi. Wakazunguka nyumba mara moja, kimya. Nilidhani wanatafuta kuku. Halafu nikaelewa. Yeriko. Siku sita mara moja, siku ya saba mara saba, kisha kelele na ukuta chini.

Mji wenyewe ni sisi.

Mke wa Beno, mwanawe, mimba imemtoka mara ya pili. Wanasema ni uchawi wa mama mkwe wangu. Na uji wanaodai ulitiwa dawa, mimi ndiye niliyempelekea yule binti.

Jumanne, 11 Februari
Mvua. Wamezunguka. Mama mkwe amewasalimia kutoka dirishani, hakuna aliyeitikia. Vijana wadogo kabisa, hata shikamoo hawakutoa. Hilo limeniuma kuliko kuzungukwa.

Baba Imelda yuko machimboni Tunduru. Simu haipatikani. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Anasema kuomba si kosa, wakigusa nyumba nimwite. Nitamwitaje, tofali zikiwa juu ya mtoto?

Nyumba yenyewe ya tofali mbichi. Haihitaji tarumbeta. Mateke mawili yanatosha.

Jumatano, 12 Februari
Nimesoma ile habari kwenye Biblia mpaka mwisho. Utotoni tulikuwa tunazunguka madawati ya mafundisho kanisani, tunapuliza ngumi kama tarumbeta. Nilipenda sana. Tulikuwa tunaishia pale ukuta unapoanguka. Mbele yake hatukusoma. Waliokuwa ndani wote waliuawa. Wake kwa waume, wazee na watoto. Akapona mwanamke mmoja na jamaa zake, aliyefunga kamba nyekundu dirishani.

Sina kamba. Nimetundika soksi nyekundu ya Imelda kwenye dirisha la chumba changu. Ujinga, najua. Iko pale.

Bombani nimemkuta Mwalimu Kassimu, mtu wa Tanga, anafundisha historia sekondari. Nikamuuliza kama ni kweli. Anasema waliochimba pale Yeriko wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ukuta ulikuwa umeshaanguka zamani, Waisraeli hawajafika, na mji labda ulikuwa mtupu. Wengine wanasema hapana, miaka inapatana, ukuta uliangushwa na tetemeko. Kwa juu ulikuwa wa tofali mbichi, kama zenu, akasema.

Nikamuuliza watoto je. Akaweka ndoo chini.

“Kama mji ulikuwa mtupu, Mama Imelda, basi hapakuwa na watoto.”

Basi naomba uwe ulikuwa mtupu. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 13 Februari
Saa nane mchana ukuta wa chumba changu umeanguka. Wote, na dirisha lake.

Ni mvua. Maji ya bati yanamwagika pale tangu Krismasi. Baba Imelda alisema atachimba mfereji. Nje hapakuwa na mtu. Hakuna aliyeimba wala kuomba.

Imelda alikuwa mgongoni kwangu, jikoni. Upande anaolala kitandani umejaa tofali. Nikakaza kitenge, sikumshusha.

Saa kumi wakaja, wakakuta umeshaanguka. Wakatazamana. Wakazunguka hivyo hivyo, wanakanyaga tofali zetu.

Ijumaa, 14 Februari
Nimefunga mizigo. Kwetu ni Hanga, kuna chumba. Mama mkwe hawezi kufika hata stendi, bodaboda hapandi. Akaniambia nenda na mtoto, hao wa maombi mimi nitawafungulia mlango Jumapili. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilifika barabarani. Nikageuka nyuma kumwangalia. Amekaa chini kwenye tope, anachagua tofali nzima, anazipanga pembeni moja moja.

Nimerudi. Nimemfokea aingie ndani, atapata baridi.

Jumamosi, 15 Februari
Tumeziba kwa shuka. Wamezunguka. Imelda ana homa kidogo. Naogopa. Sina kingine cha kuandika.

Jumapili, 16 Februari
Mara saba. Nimezihesabu.

Mzunguko wa saba ulipoanza nikaitoa ile shuka. Waone wanamzunguka nani. Kitanda, ndoo, nepi, mama mkwe anachambua mchicha, Imelda kakaa kwenye beseni. Wakasimama. Nikasimama ulipokuwa ukuta, nikamwambia, “Mama Beno, ingia uangalie. Huku ndani ni sisi tu.”

Hakuingia. Imelda akamnyooshea mikono, maana alizoea kubebwa naye. Wa nyuma, ambao hawakuona kitu, wakapiga kelele. Kelele ndogo, ikaisha yenyewe.

Mama Beno alikuwa anatazama tofali kitandani. Upande ule nimeuacha vilevile.

“Alikuwa amelala hapo?”

Nikamwambia alikuwa mgongoni. Akajifunga khanga upya, akaondoka wa kwanza.

Jumanne, 18 Februari
Mvua imepumzika. Homa ya Imelda imeshuka.

Sokoni, muuza nyanya asiyenijua amenihadithia. Eti Jumapili, mzunguko wa saba, watu wakapiga kelele na nyumba nzima ikaporomoka, wameona kwa macho. Siku mbili tu zimepita. Nikamuuliza ndani kulikuwa na watu? Akasema hapana dada, ilikuwa tupu.

Nikanunua nyanya.

Niliporudi nimemkuta mke wa Beno uani kwetu. Amekunja gauni, anakanyaga udongo wa tofali mpya. Mama mkwe anamwagia maji kidogo kidogo. Nimewapikia wote.

Imelda akikua atasoma hapa. Ukuta ulianguka Alhamisi, saa nane mchana, kwa mvua. Ndani tulikuwemo watatu.

Soksi imeonekana kwenye udongo. Nimeifua. Bado haijakauka.