Zamu ya Maji Siku ya Bwana

Jumapili, 24 Januari 1943
Ibadani tena. Sijakosa hata moja tangu Elisaria, mume wangu, aende vitani. Siku lori lilipomchukua yeye na wenzake pale Maji ya Chai niliweka nadhiri: nisikose ibada Jumapili yoyote, Mungu amrudishe. Sijamwambia mtu. Nimeimba vizuri leo. Maharage yananyauka.

Jumatano, 27 Januari
Mzee wa mfereji amebadilisha zamu. Maji yamepungua mno, kila shamba linapata saa chache tu kwa juma. Sisi tumepewa Jumapili, saa mbili mpaka saa sita. Saa za ibada zenyewe. Nimewaomba majirani watatu tubadilishane. Wamekataa. Siwalaumu. Baba mkwe, ambaye hajabatizwa, kasema, "Maji hayajui Jumapili, mwanangu." Nimekasirika. Kisha nikaona aibu, maana hakukosea.

Ijumaa, 29 Januari
Nimemwendea mchungaji, nikamweleza yote, hata nadhiri. Amesema ahadi kwa Mungu si ya kuchezea. Halafu akasema watoto wangu nao ni amana ya Mungu. Nimetoka kwake na majibu mawili. Maharage yakifa tutakula nini? Nikikosa ibada, Elisaria je? Sielewi.

Jumapili, 31 Januari
Nimekwenda. Mahubiri sikuyasikia. Niliporudi nikakuta shamba lote limelowa. Nikapiga magoti kwenye tope, nikashukuru kwa sauti. Nilipoinuka nikamwona baba mkwe kando ya mfereji, amekaa chini, jembe mkononi. Alikuwa akigawa maji tangu asubuhi, na mguu wake ule mbovu. Aliteleza, akashindwa kusimama. Amenisikia nikishukuru. Jirani alinisaidia kumbeba.

Jumanne, 2 Februari
Goti limevimba. Homa. Nimemuuliza kwa nini alikwenda. Alijua mimi nisingekwenda shambani, kasema, na mwanawe akirudi lazima akute chakula. Basi. Namwonea hasira. Namwonea huruma. Sijui dhambi ni ya nani, au kama ipo.

Alhamisi, 4 Februari
Hakuna barua. Nimejaribu kuomba, nikaishia "Baba yetu".

Jumapili, 7 Februari
Jirani yule amejitolea kutufungulia maji. Kengele ilipolia nilikuwa nimeshavaa. Baba mkwe alikuwa anatetemeka. Akaniambia niende. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikaongeza kuni.

Nimemweleza nadhiri yangu. Kisha akauliza huko kanisani huwa tunamwambia nini huyo Mungu. Nikamjibu kwamba mimi, mara nyingi, namtaja mwanawe, Elisaria.

"Mtaje hapa, basi," akasema. "Nami nisikie."

Nikamtaja. Sikuwa na maneno mengi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, sijui kwa maombi au kwa usingizi. Uji uliungua kidogo. Aliunywa wote.