Posa Yangu na Jina la Kariakoo

Jumatatu, 8 Machi 1954
Kaptula nne, kanzu moja. Cherehani imekata uzi mara sita. Mchana nikaenda barazani kwa Mwinyi muuza kahawa, nikawapa wenzangu asili ya maneno ya leo: neno meza katuachia Mreno, shule Mjerumani, duka Mhindi. Wananiita Profesa. Napenda.

Posa yangu imepelekwa jana kwa kina Zena. Kaipeleka mjomba, kama ada. Mimi baba yake Zena hata sura simjui. Roho juu juu.

Jumatano, 10 Machi
Leo nimewaambia Kariakoo ni jina la mzee wa Kizaramo aliyekuwa na shamba hapa. Mzee mmoja mgeni akakataa. Akasema jina limetokana na jeshi la wabeba mizigo la Mwingereza, vita ya kwanza. Kambi yao ilikuwa papa hapa, na watu wakalitamka jina la jeshi hilo la Kizungu walivyoweza, likawa Kariakoo. Nikamwambia, "Mzee wangu, hizo ni hadithi za kahawa." Baraza zima kicheko. Akamaliza kikombe chake, akaondoka.

Mwinyi akanijia, meno nje, akanijulisha. Yule ndiye baba yake Zena. Na mizigo hiyo aliibeba mwenyewe.

Nimekwisha.

Ijumaa, 12 Machi
Majibu ya posa hakuna. Nimeshona mfuko wa suruali ukatazama nje. Nimemwomba mjomba akaniombee radhi. Kanitukana kwanza, ndipo akaenda.

Jumamosi, 13 Machi
Jibu la ajabu. Mchumba aje mwenyewe kesho asubuhi sokoni, na aje na ngata. Mimi, mtu wa sindano, niviringishe kitambaa kichwani nibebe mzigo. Haya.

Jumapili, 14 Machi
Gunia la unga, kutoka sokoni mpaka kwa baba yake Zena, Ilala. Sokoni kote wananijua, wamenicheka wakachoka. Nikamwamkia mzee shikamoo. "Marahaba. Twende."

Njiani hakunisimanga. Alisimulia tu. Miezi na mizigo kichwani, homa, njaa. Mdogo wake, Salehe, alikaa chini upande wa Rufiji apumzike, hakuinuka tena. Hapo nikaona aibu ya kweli, siyo ile ya kuogopa kukosa mke. Nikaomba radhi palepale, gunia kichwani. Akasema, "Nyoosha shingo, utaumia."

Jumanne, 16 Machi
Shingo bado haigeuki. Mjomba kaja na jibu: wamekubali. Mbali na mahari, mzee ana ombi moja. Tukijaliwa mtoto wa kiume, aitwe Salehe.

Nimesema ndiyo kabla mjomba hajakaa.