Kupanga na Kuchagua

Chumbageni, Tanga
9 Januari 2024

Kwa kaka yangu Yasini,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute salama, na kama kuna maumivu basi yawe ya jembe tu, yasiwe ya moyo. Siye huku hatujambo. Mama miguu bado inamvimba, akikuna nazi lazima aegemee ukuta, lakini presha imetulia na anakusalimu sana. Anasema wangekuweka gereza la hapa mjini angekuja hata kwa kutambaa, ila huko shambani mlikopelekwa ni safari ya kutwa nzima na daktari kamkataza.

Kaka, nina haja. Kuna kampuni ya uwakala wa forodha pale Horohoro mpakani inatafuta makarani wawili. Maombi yangu yamepita. Mwezi wa sita kuna mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, na waliowahi kuufanya wanasema nusu yake ni hesabu za watu wangapi wakae vipi, herufi ngapi zipangwe vipi. Nimeazima kitabu cha maswali. Majibu yapo nyuma, lakini hayasemi yametokeaje. Ningemfuata mwalimu, ila mwalimu wa mambo haya niliyemjua mie ni wewe, na chumba chako cha tuisheni Nguvumali sasa kinauziwa mkaa.

Najua sina uso wa kukuomba. Uko huko kwa sababu nilikulilia umfanyie Ayubu mtihani wake wa kazi, kwa kuwa alikuwa mchumba wangu na nilitaka apate ajira tuoane. Wewe ukakamatwa na kitambulisho chake mkononi. Yeye akavuka kwenda Mombasa, mwezi wa saba huu hajaniletea hata salamu. Ukikataa nitaelewa. Lakini huu wangu nataka niufanye kwa kichwa changu mwenyewe.

Mdogo wako,
Tausi


Gerezani
4 Februari 2024

Mdogo wangu Tausi,

Marahaba. Mie ni mzima, kikohozi kilinishika wakati wa palizi lakini kimepita. Mwambie mama nakula, nalala, na asikune nazi, wewe una mikono.

Sikatai. Siku za huku zinasogea nikiwa na kitu cha kufikiri.

Kabla hujagusa kalamu jiulize swali moja tu: hawa wakibadilishana nafasi, jambo linageuka au haligeuki? Wengi wanafeli hapo kwa sababu wanakimbilia kuzidisha. Nikupe mfano wa huku. Chumba chetu kina watu wanane wenye nguvu. Afande anataka watatu wakachote maji. Aanze kumwita Timotheo, kisha mie, kisha mzee Asheri, au amwanze Asheri, ndoo ni zilezile na mgongo ni uleule. Huko ni kuchagua. Lakini akitaka mmoja awe nyapara, mmoja apike, mmoja aoshe choo, hapo kubadilishana kuna maana kubwa, niamini. Huko ni kupanga. Nyapara atoke kati ya wanane, mpishi kati ya saba waliobaki, wa choo kati ya sita. Nane mara saba mara sita, mia tatu thelathini na sita. Ukirudi kwa wale wa maji, kila kikundi cha watatu umekihesabu mara sita, basi gawa kwa sita: hamsini na sita.

Usiendelee mpaka hili likuingie. Likishakuingia, panga herufi za jina lako, uniambie ni njia ngapi. Kisha panga jina hilohilo lakini A, U na I zikae pamoja kila mara. Halafu jina la bibi yetu, HAFSA, na uwe mwangalifu.

Ayubu usimtaje tena. Nilikubali kwa kinywa changu, mtu mzima.

Kaka yako,
Yasini


Chumbageni
14 Machi 2024

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leo ni chungu cha tatu. Mama kafunga ingawa daktari alimwambia ale, tumegombana, kashinda yeye. Hali yako? Kikohozi hakijarudi? Huko futari mnapata nini?

Jina langu ni njia mia na ishirini. Irabu zikikaa pamoja nilipata sita, nikaona haiwezekani, nikaketi kuziandika moja moja kwenye karatasi za kufungia vitumbua. Zikafika thelathini na sita. Ndipo nikatanabahi kuwa zile irabu zenyewe nazo zinageuzana ndani ya fungu lao. Nimekuwekea ile karatasi humu uone kama hakuna niliyoirudia. Jina la bibi ni sitini, si mia na ishirini, kwa kuwa A zake mbili ukizibadilisha hakuna atakayejua. Nimesema kweli?

Nasoma tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, kisha naenda kuuza vitumbua vya futari. Juzi bombani mama Mize wa nyumba ya nyuma aliniona na kitabu. Akauliza mbele za watu kama ninasoma mwenyewe au nina wa kunifanyia. Walicheka wote. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. Sikumwambia mama, nakwambia wewe kwa sababu sina mwingine.

Nipe maswali mengine, magumu zaidi.

Mdogo wako,
Tausi


Gerezani
20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Najua umengoja. Nitakwambia kilichotokea, ila mama usimsomee kipande hiki.

Barua zetu zinasomwa kabla hatujapewa. Afande Laurenti alipoifungua yako akakuta ile karatasi ya TAUIS, TAIUS, TUAIS, akadhani ni maneno ya siri ya kutorosha watu. Nikaitwa kwa mkubwa. Nilieleza ni hesabu, wakasema hesabu gani haina namba. Siku tisa niliwekwa chumba cha peke yangu chenye sakafu ya maji. Siku ya kumi Afande Laurenti akaja mwenyewe, nadhani lilimkaa rohoni. Nikamwomba ndala tano. Nikazipanga sakafuni, nikamwonyesha namna zinavyogeuka. Akachuchumaa akaendelea mwenyewe, alipofika ishirini na tatu akachoka. Akasema, "Barua yako nitakupa." Kikohozi kimerudi, lakini Timotheo amenigawia blanketi lake.

Zote tatu umepata. Sasa la mwisho, maana mtihani umekaribia. Watu sita wamezunguka sinia la pilau. Sinia halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo mmoja mwache alipo, wapange watano waliobaki: mia na ishirini. Swali likisema wawili kati yao wamegombana na hawataki kukaa bega kwa bega, usihangaike kuwatenganisha. Wahesabu kwanza wakiwa pamoja, kama mtu mmoja: ishirini na nne, mara mbili kwa kuwa wanaweza kubadilishana, arobaini na nane. Ondoa. Zinabaki sabini na mbili.

Saa ikikubana, ruka swali, usiling'ang'anie. Na ya mama Mize yaache bombani.

Usiniandikie hesabu tena. Niandikie ya nyumbani.

Kaka yako,
Yasini


Chumbageni
7 Julai 2024

Kaka yangu Yasini,

Shikamoo. Shikamoo tena. Sijui kifua chako kina hali gani na naogopa kuuliza. Mama hajambo. Miguu ni ileile. Anakusalimu, anasema amekuota umevaa kanzu.

Mtihani nilifanya tarehe nane ya mwezi wa sita. Maswali arobaini kwa dakika hamsini. Tulikuwa watu mia na kidogo, na wengi walitoka wakitukana. Kaka, nilikuwa nikisoma swali nasikia sauti yako ikiniuliza, wakibadilishana linageuka au haligeuki. Nilikuwa wa pili. Wakaniita kwenye usaili wa mdomo, na kazi nimepata. Nilianza Jumatatu. Siku za kazi ninalala Horohoro, Jumamosi gari la kampuni linanirudisha.

Sasa nikwambie jambo, na nakuomba ulisome mpaka mwisho.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Bwana Robert, ambaye sasa ndiye mkubwa wangu, alisema pale wanashika nyaraka za watu, kwa hiyo lazima aulize. Akauliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyewahi kufungwa kwa kughushi au kwa udanganyifu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, wallahi nilikuwa nimejiandaa. Nilisikia kicheko cha bombani. Nikajibu kwamba nyumbani tupo mie na mama tu.

Akaniuliza, "Huna kaka wala dada?"

Nikasema, "Sina."

Akaandika. Akageuza karatasi, akaniuliza kama naweza kuanza mwezi wa saba.

Sijamwambia mama. Nilipomwambia nimepata kazi alilia akasema hii ni kazi ya Yasini. Nijibu kaka. Nitukane, lakini nijibu.

Mdogo wako,
Tausi


Horohoro
15 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Mwezi wa tatu huu hujajibu. Najiambia barua imezuiliwa tena, kisha najiambia mbona safari hii haikuwa na hesabu.

Ayubu amepita hapa. Ni utingo wa lori la kutoka Mombasa. Alitumwa dirishani kwangu na dereva wake kuja kugongesha mihuri. Alishtuka kuniona, halafu akajifanya mwema, akauliza kwa sauti, "Yasini hajambo?" Bwana Robert alikuwa nyuma yangu anapekua jalada. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu kaka, ningeweza kunyamaza. Nikamwambia Ayubu, "Umenifananisha." Nikamgongea karatasi zake, akaenda zake.

Ya kwanza niliogopa. Hii ya pili sijui niiite nini.

Mama anauliza kila Jumamosi kama umeandika. Namwambia posta ya huko haina gari.

Mdogo wako,
Tausi


Shamba la mkonge, Korogwe
1 Desemba 2024

Tausi,

Salamu. Natumai wewe na mama hamjambo. Mie kifua kinanisumbua asubuhi, jua likipanda kinaachia.

Barua zako zote mbili nilizipata. Nilitoka tarehe kumi na moja Oktoba, kwa msamaha wa theluthi ya kifungo. Kesho yake, Jumamosi alasiri, nilishuka Tanga nikatembea mpaka Chumbageni. Sikuwa nimeamua nitakwambia nini. Nilitaka kumwona mama. Gari la kampuni lilikuwa limesimama mlangoni kwetu. Wewe unashusha begi, na bwana mmoja mnene yuko barazani anamwamkia mama, naye anamkaribisha chai. Nilisimama ng'ambo, penye duka la vipuri, na mfuko wangu wa nailoni. Mama amekonda. Nikawaza kuwa nikivuka barabara mama atapiga kigelegele, na yule bwana atauliza huyu ni nani, nawe itabidi ujibu. Sikuvuka. Nikarudi stendi.

Timotheo alitoka kabla yangu, ndiye aliyeniombea kazi huku. Tunakata mkonge. Hakuna anayetaka mwalimu wa tuisheni aliyefungwa kwa mtihani.

Nikwambie la kweli, maana nimelifikiri sana. Kusema huna kaka, hilo nakuelewa. Ungeniandikia kabla, ukaniuliza, ningekujibu siku hiyohiyo: sema huna, upate kazi, mama ale. Ningekuandikia kwa mkono wangu. Ya Ayubu uliniomba nikakupa. Hii hukuniuliza, ulijichukulia tu. Ndiyo inayonikaa kooni.

Basi shika kazi yako. Mie Chumbageni siji. Mama mwambie nimeongezewa muda, au mwambie utakavyoona. Ni wewe unayemsomea.

Yasini


Chumbageni
15 Desemba 2024

Kaka yangu Yasini,

Shikamoo. Barua hii haikuja kwa posta. Aliyekupa ni mama, na hajui nilichoandika. Ameniambia tu nikuandikie maelekezo ya dawa.

Yako ilifika nikiwa kazini. Mama hajui kusoma, lakini mwandiko wako anaujua. Aliilaza chini ya mto siku nne kuningoja. Jana niliporudi akaniketisha mkekani hata sijavua viatu, akaniambia nisome. Nilisoma salamu. Kisha nikaanza kutunga, kuwa u mzima, kuwa wamekuongezea miezi michache, kuwa tusiwe na wasiwasi. Mama alikuwa akinitazama mdomo.

Akasema, "Karatasi imejaa pande zote mbili. Soma."

Nikasoma yote. Ya duka la vipuri aliniambia nirudie, nikarudia. Ya kusema sina kaka hakuyaelewa, ikabidi nimweleze mwenyewe nilisema nini kwenye usaili, na nilimwambia nini Ayubu. Hakunipiga, hakulia. Akaenda kutia udhu. Baada ya kuswali akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Leo asubuhi nimemkumbusha kuwa daktari kamkataza safari. Nimemwambia basi nipande naye nimfikishe Korogwe. Akajibu kuwa mtoto anayemwendea ana nafasi ya mtu mmoja. Stendi kaniruhusu nimshike mkono kupanda ngazi za gari, basi. Naandika huku gari linapakia, yeye yuko dirishani hanitazami.

Kesho narudi Horohoro. Nataka nimwambie Bwana Robert kuwa nina kaka. Sentensi hiyo nimeiandika na kuikata mara tatu hapa, na sikuahidi kitu, maana sijui kama mdomo wangu utanisikia.

Dawa nyeupe ni asubuhi baada ya kula, ile ya rangi ya waridi ni jioni. Chumvi asiguse. Akikaa muda mrefu, miguu uiinue juu ya kitu. Nguo amechukua zote, hata za sikukuu, na hakusema lini atarudi.

Mdogo wako,
Tausi