Bawabu Asiyesema Ndiyo Wala Hapana

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo imetimia miaka thelathini na minne na siku kumi na moja tangu nitoke kwetu. Bado nahesabu. Mwalimu wa hesabu haachi kuhesabu, hata akibadilisha kazi mara tatu na kuishia kuwa fundi wa seva kwenye chumba chenye madirisha yasiyofunguka.

Nimemwona Karani.

Si kwa macho — kwenye skrini. Saa nne na robo asubuhi, kwenye tovuti ya Tume ya Mali za Waliohama. Kampuni yetu ndiyo inayoiendesha, na mlango wake nimeujenga mimi. Jina lake lote, hata ile herufi ya katikati aliyokuwa akijivunia. Kiwanja namba 217. Kiwanja chetu! Alifungua fomu ya pingamizi, akakaa nayo dakika sita, akatoka bila kuituma.

Mwisho wa kupinga ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa kumi na moja jioni. Asipopinga hadi hapo, dai langu linapita bila kusikilizwa. Nyumba ya baba inarudi kwangu.

Nikaenda kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

Jumanne, 4 Machi

Niandike alichonifanyia, nisije nikajishuku baadaye kwamba nimetia chumvi.

Mwaka ule ilitangazwa kwamba watu wa upande wetu wawe na hati ya ukaazi yenye muhuri, la sivyo waondoke. Ombi letu nililipeleka mwenyewe dirishani kwa Karani, ofisi ya ukaazi. Alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Acha hapo, Mwalimu, litapita." Nilirudi wiki kumi na moja. Liko njiani. Mkubwa hayupo. Njoo kesho. Hakusema hapana hata siku moja! Angesema hapana ningekata rufaa, sheria iliruhusu. Lakini rufaa hukatwa dhidi ya jibu, na mimi jibu sikuwa nalo. Akufukuzaye hakwambii toka.

Muda ukaisha. Nikapandishwa lori. Mama alikuwa mgonjwa wa kulala, hakubebeka, akabaki na dada yangu mdogo, Kitinda, kitindamimba wetu. Mwezi haujaisha, Karani keshahamia sebuleni kwetu. Mama alifariki mwaka uliofuata. Kabla ya hapo Kitinda aliandika kwamba wamepata chumba mahali. Hakusema wapi. Nami sikuuliza.

Sasa sikia kichekesho. Katika kazi yangu pia, kinachoifikia seva kinaitwa ombi. Kila anayebonyeza kitu ametuma ombi. Kabla halijafika ndani linapita kwa walinzi waliopangwa foleni — vijana ofisini wanawaita midowea, mimi neno bawabu linanitosha. Wa kwanza anaandika daftarini: saa ngapi, kiwanja gani. Wa pili anauliza kitambulisho. Wa tatu anaangalia usigonge mara mia kwa dakika. Kila mmoja akiridhika anaita amri moja: pitisha. Asiporidhika anajibu hapana, na sababu.

Lipo kosa la wanafunzi. Bawabu anasahau yote mawili. Hapitishi, hajibu. Ombi linasimama pale pale. Mwenye nalo anaona kiduara kinazunguka, kinazunguka, na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu hakuna aliyemkatalia.

Kosa la wanafunzi. Na ufundi wa Karani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwandika. Bawabu wa nne. Mistari sita! Likija ombi lolote linalotaja kiwanja 217, asiite pitisha. Asijibu. Basi.

Nilifikiri sana nimpange wapi, maana kwa mabawabu nafasi ndiyo kila kitu. Nimemweka baada ya yule wa daftari na kabla ya yule wa kitambulisho. Hivyo jina la Karani halitaandikwa popote. Itabaki saa na namba ya kiwanja tu. Dai langu mimi liliingia tangu Januari, kwa hiyo ombi jipya la 217 litakuwa la nani tena? Lake.

Juu ya mistari ile nimeandika maelezo: "kupunguza maombi yanayojirudia." Uongo wangu wa kwanza kazini kwa miaka kumi na tisa.

Mkaguzi — ndivyo tunavyomwita mama anayesoma kazi zetu kabla hazijawekwa kwenye seva — aliifungua mistari yangu, akaifunga. Akasema kazi ya Mzee, yaani mimi, haihitaji kukaguliwa, yeye ana ya wale wengine ya kumtia kichaa. Akaidhinisha akiwa amesimama, mkoba begani.

Nilitaka kumwambia soma. Sikumwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Ameanza! Saa tatu na dakika nne. Saa tatu na dakika saba. Saa tatu na kumi na moja. Seva yetu hukata baada ya dakika mbili, naye anapumua kidogo, anarudi. Mara kumi na nne kabla ya chakula cha mchana.

Nimekula vizuri. Sijala vizuri hivi tangu mke wangu aondoke duniani. Binti yangu alipita kuniletea dawa za presha, akashangaa: Baba leo unapiga mluzi? Nikamwambia kuna kazi imekwenda sawa.

Njoo kesho, Karani. Liko njiani. Mkubwa hayupo.

Jumanne, 11 Machi

Mara ishirini na tisa. Dawa ya moto ni moto.

Jumatano, 12 Machi

Kitinda kapiga simu saa sita mchana. Kwa kawaida hupiga sikukuu kwa sikukuu. Nilijua kuna jambo.

Hata salamu hakuzimaliza. "Kaka, wewe si ndiye fundi wa hivi vitu? Hebu waambie waliotengeneza huu mtandao wa Tume ni wapumbavu. Siku ya tatu hii nimekaa duka la intaneti, kinazunguka tu, kinazunguka tu. Hata tusi hakinitukani nijue moja."

Nikamuuliza anataka nini huko kwenye Tume.

Akasema, chumba.

Chumba gani?

"Chumba cha uani. Alipofia mama."

Miaka thelathini na minne dada yangu anaishi kwenye kiwanja 217! Kwenye chumba cha uani, nyuma ya sebule ya Karani. Ndicho kile "chumba mahali" cha kwenye barua. Sasa Tume inataka kila anayekaa kwenye kiwanja chenye mgogoro ajiandikishe, na mwenye kukishikilia athibitishe. Akiandikwa kabla ya Ijumaa jioni, chumba kinakuwa chake kwa jina lake, ashinde yeyote. Asipoandikwa, nyumba hukabidhiwa tupu, naye ni mzigo wa kutolewa nje.

Nikamwambia asihangaike. Nyumba ikirudi kwangu atakaa humo hadi achoke.

Akacheka. Kicheko cha mama, kikavu. "Nimeishi kwa ruhusa yake miaka yote hii. Sasa unataka niishi kwa ruhusa yako?"

Nikamuuliza anawezaje kulala nyuma ya ukuta wa mtu yule.

"Kaka, wewe uliondoka."

Niliondolewa!

"Uliondolewa, sawa. Mimi nilibaki namgeuza mama kitandani. Yule mzee alichukua nyumba, ni kweli, Mungu anamwona. Lakini mlango wa uani hakuufunga. Sasa haoni vizuri, fomu namjazia mimi. Yake ya pingamizi na yangu ya chumba, tunaketi meza moja."

Unamjazia fomu ya kunipinga mimi?

"Ndiyo. Na kabla sijaituma namsomea kwa sauti jina lako lote, neno kwa neno, ajue anampinga nani. Usifikiri namsomea kwa upole."

Akakata, dakika zake ziliisha. Nikakaa naangalia daftari la seva. Hamsini na nane. Nilizihesabu zote kama za Karani, moja moja, nikizionja. Zake ni ngapi? Za dada ni ngapi? Siwezi kujua. Bawabu wangu anasimama kabla ya kitambulisho. Nilimweka hapo mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika ofisini wa kwanza. Wazo langu lilikuwa jepesi: nimsogeze yule bawabu nyuma ya kitambulisho, ampitishe Kitinda, amshike Karani. Haiwezekani. Fomu ya chumba haiwi kitu bila uthibitisho wa mwenye kushikilia, na uthibitisho lazima autume Karani kwa kitambulisho chake, kwa namba ile ile 217. Nikimshika yeye nimemshika dada. Na bawabu haoni ni fomu gani, huona namba ya kiwanja tu: akipita hata mara moja, atapita na pingamizi lake.

Saa tano Mkaguzi akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Si kawaida yake kukaa.

"Mzee, kuna kitu daftarini sikielewi. Yameingia maombi sabini na moja ya kiwanja kimoja. Sijaona hata moja lililotoka. Si kwa ndiyo, si kwa hapana."

Nikalifunga daftari la seva kwenye skrini.

"Nimesoma mistari yako sita. Safari hii nimesoma." Akaishusha sauti. "Mwanafunzi angeandika hivi ningesema amesahau. Wewe hujasahau. Halafu nikatafuta dai la 217 ni la nani. Mzee, kwa nini hukusema una dai humu? Ningekuondoa kwenye kazi hii, yakaisha."

Nikamwambia ndiyo maana sikusema.

Akasema anaweza kuifuta mistari ile yeye mwenyewe kwa dakika moja, lakini anataka niifute mimi, na ananipa mpaka kesho saa nne. Baada ya hapo atawaandikia Tume. Atawaandikia hata nikifuta, hanifichi. Pingamizi lililokwama siku nne wana haki ya kujua kwa nini lilikwama.

"Na mimi niliidhinisha nimesimama," akasema. "Hilo nalo nitaliandika."

Mama mwaminifu. Ningependa kumchukia, ingenirahisishia.

Nilitembea kurudi nyumbani, vituo sita. Njia nzima niligombana na Karani kichwani. Alinishinda mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi nimeifuta mistari sita. Mkaguzi alisimama nyuma yangu, akasoma neno kwa neno, akaidhinisha.

Saa nne kasoro dakika nane, kiwanja 217. Daftari, kitambulisho, pitisha. Fomu ya chumba. Imeingia, imetoka. Uthibitisho: ndiyo. Dada yangu ana chumba.

Dakika nne baadaye, kiwanja 217. Pingamizi. Limeingia, limetoka. Nimemtazama Karani akipita kwenye mlango wangu bila hata kujua kuna mlango. Sijamsamehe. Niliandike wazi, asije mtu akasema Mzee alilainika. Namtakia umri mrefu. Aishi miaka mingi akimsikia Kitinda akipika upande wa pili wa ukuta bila kumwomba ruhusa, na kila akitaka kusomewa barua amwombe yeye.

Dakika moja tu, na barua ya Tume ikanifikia. Inajituma yenyewe mtu akipingwa. Dai la 217 litasikilizwa tarehe 9 Juni, mdai na mpingaji mbele ya wajumbe, ana kwa ana. Mdai asipofika, dai linaanguka.

Kitinda katuma ujumbe: Kaka imekubali!!! Njoo Juni. Utalala kwangu. Kwangu!

Nimeusoma mara nyingi. Nikaiweka simu mezani.

Sasa ni saa nane na dakika ishirini. Saa tisa wakubwa wananiita juu. Mkaguzi ameshapanda na karatasi zake, na kwenye ngazi alinigusa bega. Sijui kama nitarudi kwenye meza hii. Bosi ameomba funguo ya chumba cha seva, nimempa.

Fomu ya mahudhurio iko wazi mbele yangu. Swali moja: utafika mwenyewe? Nikienda nitamkuta mzee asiyeona vizuri ameshikwa mkono na dada yangu, na wajumbe watatutaka tupeane mikono. Chuki hii ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kizima kule. Sitaenda kuikabidhi mbele ya wajumbe.

Nimeweka alama kwenye Hapana. Sijabonyeza Tuma. Simu inaita, ni Kitinda tena, nami sijui nitamwanzia wapi.

Kwetu sitarudi.